Kibali cha Kuhama

Benchi la nje ya ofisi ya Mkuu wa Idara lilikuwa na mguu mmoja mfupi, na aliyekaa upande ule alilazimika kukaza mapaja muda wote lisimbwage. Hapo ndipo alipokaa Daktari. Alifika kabla ya mfagiaji, hajatia kitu tumboni, na chooni alikuwa anaogopa kwenda, maana mlango ule ukifunguka ukaitwa na hupo, basi, umejitakia.

Daktari hakuwa daktari. Jina hilo lilitoka kwa mama yake, dobi wa hospitali kubwa, tangu enzi za kukalishwa juu ya marobota ya shuka chafu akauliza hii damu ya nani, na mwenyewe yuko wapi sasa, na amepona au bado. Madobi wakacheka mpaka wakashika mbavu, na jina likaganda. Sasa alikuwa msichana mkubwa, amemaliza mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, na alichokuwa akisomea ni Utunzaji wa Nyaraka. Hakukichagua. Aliomba Udaktari, nafasi zikajaa, chuo kikamsukumia kule wanakosukumiwa wote waliokosa pa kwenda, akajifunze kupanga mafaili na kuyakinga na mchwa.

Lakini palikuwa na njia, tena ya halali kabisa. Ukimaliza mwaka wa kwanza na alama za juu, Kitivo cha Udaktari kinaweza kukuchukua, mradi idara unayotoka ikupe kibali kwamba imekuachia. Mwaka wa kwanza tu. Ukiingia wa pili, umeshaolewa huko huko. Daktari akapiga moyo konde. Wenzake walipokwenda kutembea, yeye alibaki na mchwa wake. Matokeo yalipotoka alikuwa wa kwanza, na wa pili alikuwa mbali nyuma huko, hata haonekani. Udaktari wakamjibu kwamba alama zinatosha na kuzidi, alete kibali tu. Siku ya mwisho ya kukipeleka ilikuwa hiyo hiyo ya leo. Ofisi ya uhamisho ikifunga jioni, imefunga.

Wiki tatu alikuwa akija kwenye benchi hilo. Mkuu yuko kikaoni. Mkuu ametoka kidogo. Mkuu ana wageni. Katibu muhtasi alikuwa mama mpole, kila mara akimwambia asubiri kwa sauti ile ya kumbembeleza mgonjwa. Siku moja tu ndiyo aliyompa habari ya maana: picha yake inatakiwa ofisini, aende kwa mpiga picha wa chuo, na ajipendezeshe. Moyo wa Daktari ukaruka. Picha ya nini, kama si ya faili la uhamisho? Akalitoa lile koti jeupe.

Koti lilikuwa zawadi ya mama. Pale kwenye ufuaji, koti la daktari likichakaa linatengwa liwe tambara la kusugulia sakafu, na mama akaliomba mojawapo, akalitia kiraka cha ndani kisichoonekana, akalipiga pasi mpaka mikunjo ikasimama. Mikono yake ilikuwa imebabuka kwa dawa za kufulia, kucha zimeoza pembeni, lakini koti lile hakuliacha na doa hata la bahati mbaya. Daktari alilivaa mbele ya kamera, akatabasamu kwa meno yote, akiwaza kwamba wakubwa wa Udaktari wakifungua faili watamwona tayari amevaa, waone hata aibu kumkatalia.

Saa sita ikapita. Mara akatokea Likizo, msichana wa chumba kimoja naye, aliyeitwa hivyo kwa sababu darasani alionekana kwa nadra. Masomo nusu alikuwa ameyafeli. Likizo hakuwa na roho mbaya, maskini, sabuni yake ilikuwa ya wote chumbani. Alimsalimia Daktari, akapita moja kwa moja, mlango ukafunguka wenyewe, na kabla Daktari hajabadilisha paja la kukaza alishatoka na karatasi ina muhuri.

"Unahamia wapi?" Daktari akamuuliza.

Likizo akainamisha macho. "Udaktari. Mimi hata damu naiogopa, unajua. Mjomba ndiye anayetaka."

Mjomba wake alikuwa kwenye kamati ya uhamisho. Hilo chumba kizima kililijua, na Daktari alikuwa ameshacheka nao juu yake, kicheko cha mtu anayedhani ana alama zake mfukoni. Likizo akaikunja karatasi yake, akaenda zake.

Jua lilipoanza kuingia ukumbini kwa upande wa magharibi, ndipo akaitwa.

Mkuu alimkaribisha kiti vizuri. Akamsifu mpaka akaona haya: tangu idara ianze haijawahi kupata mtoto wa namna hii. Kisha akavua miwani, akasugua macho, akaeleza. Chuo kimetoa agizo kwamba idara itakayokosa mwanafunzi wa daraja la kwanza itafungwa, na walimu wake waambiwe asanteni kwa huduma. Wa daraja la kwanza walikuwa wangapi? Alikuwa yeye peke yake.

"Nikikuachia wewe, mwanangu, nimeifunga idara kwa mkono wangu mwenyewe," akasema.

Mwaka mzima alijiua kwa kusoma ili aondoke, kumbe kila alama aliyoipata ilikuwa inaupigilia mlango msumari.

"Kwa hiyo, mwalimu, ningefeli ungeniachia?"

"Ungefeli, Udaktari wasingekutaka."

"Likizo amefeli."

Mkuu akarudisha miwani usoni. "Yule ana watu wake," akasema, na sauti yake haikupanda wala kushuka.

Daktari alimchukia mzee yule, akamwonea na huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi. Akajikuta anasema tu, "Mwalimu, mama yangu anasubiri."

"Na mimi wananisubiri nyumbani," Mkuu akajibu, na ilionekana ni kweli. "Mwakani tutaona."

Mwakani angekuwa mwaka wa pili. Wote wawili walilijua hilo. Nje, katibu muhtasi alikuwa anafunga madirisha.

Hakumpigia mama. Siku zikapita, mama akipiga anamwambia bado wanachambua, bado, mama, subira. Likizo alihamishia vitu vyake bweni la Udaktari, akaacha kipande cha sabuni juu ya meza.

Wiki iliyofuata wanafunzi wapya walianza kuripoti. Daktari alikuwa anakatiza getini, katikati ya masanduku na magodoro, simu yake ikalia. Nyuma ya sauti ya mama mashine za kufulia zilikuwa zinanguruma.

"Nimekuona, mwanangu," mama akasema, na alikuwa analia. "Nesi mmoja kanionyesha kwenye simu yake. Picha yenyewe ndogo, maandishi hata sikuyaona, lakini koti nimelijua. Koti letu. Wadi zote nimeshapita. Mbona hukuniambia? Unaanza lini?"

Daktari akainua macho. Juu ya geti lilikuwa limetundikwa bango jipya, refu kama nyumba, na aliyekuwa kwenye bango ni yeye, ndani ya koti jeupe, meno yote nje. Chini yake yaliandikwa maneno ambayo hajawahi kuyatamka: NILIICHAGUA IDARA YA NYARAKA. NA WEWE?

Akaguswa bega. Mwanamume mmoja aliyebeba godoro kichwani alimtazama yeye, akatazama bango, akatazama yeye tena, akafurahi. Pembeni yake alisimama msichana aliyevimba macho.

"Si wewe huyu?" baba yule akasema. "Hebu mwambie huyu mwanangu. Tangu jana analia, wamempangia Nyaraka. Mwambie ulivyochagua."

Msichana akanyanyua uso, akamngoja. Sikioni, mashine za kufulia zilikuwa bado zinanguruma, na mama anauliza kama anasikika, anaanza lini, awaambie nini wenzake.