Blanketi la Watu Wawili

Fundi cherehani na wifi yake, dada wa mumewe, walikuwa na miezi miwili hawasemezani, ingawa milango yao ilitazamana uani. Chanzo kilikuwa gauni. Fundi alimshonea wifi nguo ya kuvaa kwenye harusi ya binamu, mikono ikabana. Wifi, msusi ambaye mdomo wake hauna breki, akasema mbele ya ukumbi mzima, "Hii si nguo, hii ni pingu!" Tangu siku hiyo hata salamu ikawa adimu.

Jumamosi moja mume wa fundi alimwaga kikombe kizima cha chai juu ya blanketi lao zito la manyoya, akaomba radhi, akakimbilia kazini. Fundi akapiga moyo konde. Akalikung'uta vumbi, akasugua doa kwa sabuni ya mche, akalitumbukiza kwenye beseni kubwa kuliko yote aliyokuwa nayo, kisha akaingia miguu mitupu na kuanza kulikanyaga huku akiimba. Povu likapanda mpaka likamwagika uani. Alibadilisha maji mara nne ndipo yakatoka safi.

"Sasa utoke," akaliambia blanketi, akalishika na kuvuta.

Wapi! Lilikuwa limekunywa maji kama ngamia. Ncha moja ikafika kifuani, sehemu iliyobaki ikagoma. Akavuta tena kwa nguvu zake zote, mguu ukateleza, akakaa pwaa! katikati ya beseni.

Kicheko kikapasuka ng'ambo ya ua. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na chanuo mkononi, machozi yanamtoka.

"Cheka tu," fundi akasema, maji yakimchuruzika kwenye nyusi. "Ukimaliza, uje uniinue."

Wifi akachomeka chanuo nyweleni, akaja, akamvuta. Halafu akalitazama lile blanketi. "Hili mtu mmoja haliwezi. Shika huko."

Kila mmoja akashika ncha yake, wakaanza kukamua. Wakazungusha weee, hata tone halikutoka.

"Wifi, unazungusha wapi?"

"Kulia. Na wewe?"

"Kushoto, ili tupishane!"

"Ndiyo maana linazunguka lote kama kamba ya kuruka! Sote kulia, mama!"

Safari hii maji yakamwagika kama bomba limepasuka, yakawalowesha mpaka magotini. Wakacheka hadi ncha zikawaponyoka, ikabidi walisuuze upya.

Walipokuwa wanalitandaza juu ya kamba mbili, maana moja ingekatika, wifi akasema bila kumtazama, "Lile gauni halikuwa na kosa. Ulinipima mapema, mimi nikaendelea kula."

Fundi akabana kibanio cha mwisho. "Niliona umeongezeka. Nikanyamaza, niliogopa mdomo wako."

"Mdomo huu?"

"Huo huo."

"Basi nisamehe, wifi yangu."

"Nami unisamehe. Ningekuambia tu."

Blanketi lilichukua siku mbili kukauka. Kila baada ya saa chache mmoja alimwita mwenzake waligeuze, na kila walipoligeuza maongezi yaliwachukua mpaka kazi zingine zikalala.

Jumatatu asubuhi fundi alifungua mlango akamkuta wifi amebeba furushi linalomfunika mpaka kichwani.

"Langu ni la sita kwa sita," sauti ikatoka nyuma ya furushi. "Na mimi ndiye ninayekanyaga. Wewe ukae mbali na beseni."