Chai ya Chumvi

Tangu afiwe na mumewe, Fundi alijiwekea sharti moja: jua likiwa juu, mgongo wake haugusi godoro. Jengo zima lilijua hivyo. Ukimkuta Fundi amelala mchana, majirani walisema, usimwamshe, kamwite daktari. Yeye mwenyewe alisema usingizi wa mchana ni wa watoto wachanga na wagonjwa, na kwa kuwa Mungu amemjalia kuwa si huyu wala si yule, alikaa kwenye cherehani yake karibu na dirisha, akakanyaga.

Basi wiki ile ile ya harusi ya binti yake, mabomba yakakauka. Ukifungua bomba, linakohoa kidogo, linanyamaza. Maji yakabaki kwenye tangi la uani tu, na Fundi alikaa ghorofa ya tatu. Wageni walikuwa njiani, na mgeni huwezi kumwambia asioge. Kwa hiyo Fundi alijifunga kiunoni akabeba ndoo, jana kutwa, na leo tangu alfajiri. Shuka, panda. Shuka, panda. Mama mkwe wake, aliyeishi naye na mwenye magoti yanayolia kama mlango, naye hakukubali kukaa. Alishuka na birika.

"Mama, acha. Birika litajaza nini?"

"Haba na haba," alisema mama mkwe, akipumzika kwenye kila ngazi.

Ilipofika adhuhuri mapipa yalikuwa yamejaa. Fundi alijifuta jasho, akatandika kitambaa juu ya meza.

Kitambaa hicho ndicho kilichokuwa roho yake. Marehemu mumewe alikileta kutoka safarini binti akiwa bado anatambaa. Alikifungua, akakiinua kwenye mwanga, akasema, "Hiki si cha pazia wala si cha meza. Ni cha siku yake." Akakikunja mwenyewe. Yeye alitangulia, kitambaa kikabaki kwenye sanduku la bati, kikitolewa mara kwa mara kupigwa hewa. Kingine kama hicho hakikuwepo tena dukani popote, na kilitosha gauni moja tu, bila hata kipande cha kufanyia makosa. Kilikuwa chembamba na cha kuteleza, hakikunjiki ukakata pande mbili kwa mara moja, na maua yake yalikuwa upande mmoja tu. Kina uso na kina mgongo, kama mtu.

Jioni binti angetoka kazini kuja kujaribu gauni. Fundi alikuwa ameahidi.

Kabla hajagusa chaki, akasikia hodi. Alikuwa Kinyozi wa duka la chini, ameshika shati aliloshonewa usiku wa kuamkia leo.

"Fundi, nakuuliza bila ugomvi. Huu mfuko unafunguliwa wapi?"

Fundi alilipokea. Mfuko wa kifuani ulikuwa umeshonwa vizuri sana, pande zote nne. Mdomo pia.

"Jamani. Sijui nilikuwa wapi."

"Usihangaike. Mke wangu amefurahi, anasema hatimaye tumepata fundi anayejua kuweka akiba. Anauliza lini utaanza na suruali."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini macho yake hayakucheka. Alimwangalia mke wa mwanawe akifumua ule uzi, akamwona akiutafuta mkasi mdogo huku ameushika.

Kinyozi alipoondoka, Fundi akachemsha chai. Akatia majani, akatia kutoka kwenye kopo jeupe, akakoroga, akamimina vikombe viwili. Mama mkwe alionja kidogo. Akasita. Akakiweka kikombe chini polepole, akatulia kumwangalia mwenzake.

Fundi alikunywa. Alikunywa mpaka mwisho, akainamisha kikombe apate na tone la chini, akafuta midomo.

"Namshukuru Mungu," alisema. "Chai imenirudisha duniani."

Mama mkwe akakisukuma mbali kikombe chake. "Mwanangu, jilaze. Hata kidogo tu."

"Nilale, nani akate?"

"Kitambaa hakina miguu, hakitakimbia."

"Saa zina miguu, mama."

"Umechoka."

"Mikono imechoka. Akili iko sawasawa."

Akainama mezani. Na kweli, alijiona yuko sawasawa. Alijiuliza kama ni mzima, akajijibu kuwa ni mzima, na nani angembishia? Aliyeulizwa na aliyejibu wote wawili walikuwa wamebeba ndoo.

Alichora mbele. Alichora nyuma. Akachukua karatasi iliyokatwa kwa umbo la mkono wa gauni, akaiweka juu ya maua, akaizungushia chaki. Akaisogeza pembeni, akaizungushia tena. Akasimama kuangalia. Mistari ilinyooka, chaki haikutetemeka, na alijisifu kimoyomoyo kwamba bado yumo. Kilichobaki ni kukata. Mkasi ukishapita, basi tena. Mkasi hauna toba.

Akaenda kunawa mikono asije akachafua uso wa kitambaa. Aliporudi, mkasi mkubwa haukuwepo mezani.

Akatazama chini ya meza. Akatazama nyuma ya cherehani, kwenye kikapu cha vipande, mfukoni mwake, kwenye kopo la vifungo. Mama mkwe alikuwa ameketi karibu na mlango, sinia la mchele mapajani, anachambua.

"Mama, umeuona mkasi?"

"Mkasi upi?"

"Mkubwa."

"Si ulikuwa mezani?"

"Ulikuwa. Umeuchukua?"

"Mimi na mkasi, wapi na wapi?"

Mama mkwe alikuwa mtu wa sala na uongo aliuogopa, basi alijibu kila swali kwa swali. Siku nyingine Fundi angelishika hilo mara moja. Siku hiyo hakushika kitu. Alitafuta jikoni, akafunua masufuria, akafungua sanduku la bati lililokwisha kuwa tupu, akalifunga, akalifungua tena. Akasimama katikati ya chumba akiwa amesahau anatafuta nini. Akakumbuka. Akaenda tena kwenye kopo la vifungo.

"Ngoja nikae nifikirie nilipouweka," alisema, akajitupa kwenye kochi.

Hakufikiria chochote. Kichwa kiliangukia begani, mdomo ukafunguka. Mama mkwe akaliweka sinia pembeni, akamletea shuka, akamfunika miguu.

Fundi alipofumbua macho, mwanga ulikuwa umehama kutoka mezani umepanda ukutani. Shingo ilimuuma. Binti yake alikuwa amerudi, amesimama karibu na meza, anatafuna mkate kwa tahadhari, kiganja chini ya kidevu ili chembe zisidondoke.

"Mama amelala mchana," alisema binti kwa sauti ndogo. "Bibi, tuite daktari?"

"Mwache, mke mwenzangu. Daktari ameshapita."

Fundi alikuwa akitazama meza. Palepale alipokaa, kabla hata hajainuka, alikuwa ameiona ile chaki. Mikono ya gauni inapochorwa kwenye kitambaa chenye uso hutazamana, kama watu wawili wanaosalimiana. Hii haikutazamana. Ilifuatana, mmoja nyuma ya mwingine, kama watu kwenye foleni. Aliisogeza karatasi asiigeuze. Alichora mkono wa kushoto, kisha akachora mkono wa kushoto.

Alirusha shuka pembeni. Alisimama, akaweka kiganja juu ya yale maua. Yalikuwa mazima.

"Ningekata," alisema. "Ningekikata hiki."

"Kuna nini, mama?"

"Mikono yote miwili ya kushoto. Na kitambaa cha kurudia hakuna."

Binti aliacha kutafuna. Alijua kitambaa kile ni cha nani.

Mama mkwe alikohoa. "Hata hivyo isingeonekana. Huyo mchumba wako mwenyewe kushoto na kulia hajui. Nimemwona akiendesha baiskeli."

"Bibi!"

"Nasema niliyoyaona."

Fundi alimgeukia. Alianza kuelewa. "Mama. Mkasi umeuficha wewe."

"Nimeuficha."

"Uliona kuwa nimechora vibaya?"

"Mimi najua nini mambo ya mikono? Hata kifungo nikishona hudondoka kabla ya sala. Mimi niliona chai."

"Chai gani?"

"Uliitia chumvi, mwanangu. Vijiko vinne vizima. Mimi nilishindwa kuimeza, wewe ukaimaliza ukamshukuru Mungu. Nikasema moyoni, mtu ambaye ulimi wake umelala hivi, hashiki mkasi mbele ya kitambaa cha mwanangu."

Fundi alilamba midomo. "Ndiyo maana nina kiu namna hii," alisema, na wote watatu wakacheka, binti akicheka huku anafuta machozi ambayo hayakuwa ya kicheko tu.

"Haya, mama, nimelala, nimeamka. Nipe mkasi wangu."

Mama mkwe akainuka kwa kujiamini. Akaenda kwenye kabati la vyombo, akafungua, akatazama. Akafunga. Akaenda nyuma ya mlango. Akarudi, akaangalia ndani ya sinia la mchele kana kwamba mkasi ni punje. Mwishowe akasimama katikati ya chumba, mahali palepale alipokuwa amesimama Fundi.

"Niliuweka mahali pazuri sana," alisema.

"Wapi?"

"Pazuri mno. Nikasema hapa hataufikia."

"Bibi, umesahau?"

"Sijasahau. Hapajanijia tu."

Fundi alimtazama yule mwanamke mtu mzima, magoti yake, mikono iliyokuwa bado na alama nyekundu ya mpini wa birika. Akamshika kiwiko.

"Mama, njoo ulale."

"Mimi sijachoka. Akili iko sawa."

"Ndivyo nilivyosema na mimi. Jilaze."

Akamlaza kwenye kochi lilelile, akamfunika kwa shuka ileile. Hazikupita dakika, akaanza kukoroma.

"Nikaazime mkasi kwa Kinyozi?" binti alinong'ona.

"Ule ni wa ndevu. Hiki ni kitambaa cha baba yako. Tutangoja."

Wakangoja. Fundi alifuta chaki ya mkono wa pili kwa brashi laini, taratibu, mpaka maua yakatakata. Akaigeuza karatasi. Akaiweka, akaondoka hatua moja, akaitazama, akamwita binti naye aitazame. Ndipo akachora. Mikono ikatazamana, ikasalimiana. Hakuwa na haraka, na jambo hilo lilimshangaza, kwa maana harusi haikuwa imesogea mbele hata siku moja.

Jikoni bomba likakohoa. Likakohoa tena, likatema uchafu, kisha maji yakaanza kumwagika yenyewe kwenye karo.

"Sasa hivi ndiyo yanakuja," alisema binti.

"Acha yaje," alisema Fundi. "Na yenyewe yalikuwa yamechoka."

"Chini ya mto," ilisema sauti kutoka kwenye kochi. Mama mkwe hakuwa amefumbua macho.

"Mto upi, mama?"

"Wako. Kitandani kwako. Nilijua mchana huko hufiki."

Fundi aliingia chumbani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa tangu alfajiri, na jua la jioni limekilalia, jambo ambalo kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuliona. Akauinua mto. Mkasi ulikuwepo, umefunikwa kwa leso. Akauchukua. Akakaa kidogo pembeni mwa godoro, akapitisha mkono juu ya shuka, ilikuwa vuguvugu. Akamwambia Mungu maneno machache, na marehemu neno moja. Kisha akatoka kwenda kukata.

"Mama, nikuchemshie chai kwanza?" aliuliza binti.

"Chemsha," alisema Fundi, akifungua mkasi. "Lakini mpe bibi yako aonje."