Barabara Iliyoogopa Mbaine

Kama ulikuwa sokoni Mikinduri Jumamosi ile, ulisikia mwenyewe. Lori la kampeni la Murithi, mbunge wetu, lilisimama karibu na wauza nyanya, spika zimeelekezwa kila upande, na mpiga debe wake akashika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Watu wangu! Mmewahi kuona barabara yenye woga? Mimi nimeiona! Barabara ya Nkirote imetoka hapa imenyooka kabisa. Imepita kwako, mama, ikala ndizi. Imepita kwako, mzee, ikala ua. Ilipofika kwa Hezekiah, baba yake Nkirote, ikaona miti yake ya mbaine, ikaogopa, ikapinda!"

Soko zima likaangua kicheko. Hata waliovaa tishati za Nkirote walicheka, na wengine wao ndio waliocheka zaidi.

Nkirote mwenyewe alikuwa upande wa pili wa soko, amesimama juu ya pikapu akingoja zamu yake. Ukimjua, si mtu wa kutikiswa na maneno ya spika. Kwa mihula miwili alikuwa mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti kule Meru, na alishaitwa kila jina. Mara hana adabu, mara aende akawaongoze watu wa Gachoka alikoolewa, ati kana kwamba Ndwiga mumewe hakuwa akiwafundisha watoto wao hesabu papa hapa Mikinduri. Sasa alikuwa anataka ubunge wa taifa, kiti cha Murithi mwenyewe, na matusi nayo yalikuwa yamepanda cheo. Hayo aliyazoea. Hili la barabara lilimchoma, maana hakujua kama ni uongo.

Barabara hiyo ndiyo iliyokuwa jina lake. Aliipigania kwenye bajeti mpaka ikawa akiinua mkono tu, wenzake wanaguna. Ilipopita, akaenda nyumba kwa nyumba kumwomba kila mwenye shamba aachie ukanda wa ardhi, na watu wakampa, wengine kwa sala, wengine kwa manung'uniko. Kilichokuwa kimebaki ni kipande cha mwisho cha kuteremka mtoni, karibu na kwa baba yake, na tangu kampeni zianze hakuwa amepata nafasi ya kwenda kukitazama. Siku hiyo alihutubia haraka haraka, akashuka, akamwambia dereva, "Twende kwa mzee."

Sasa, kwa mgeni, mbaine ni mti wa miraa wa zamani sana ambao bado unazaa. Ilipandwa na watu ambao leo hakuna anayejua walizikwa wapi, na haikatwi. Mtu wa huku ataweza kuuza shamba, atauza hata ng'ombe wa mwisho, lakini mbaine ataiacha kama alivyoikuta. Za Hezekiah zilikuwa nne, zimejipanga ukingoni mwa boma, vigogo vimekunjamana kama magoti ya wazee. Babu wa babu yake ndiye aliyezipanda.

Na kweli barabara ilikuwa imepinda. Ilikuja vizuri, ilipofika kwa Hezekiah ikajisogeza kando kwa heshima, ikazizunguka mbaine, ikaingia kwa jirani. Jirani huyo ni Angeline, mjane wa fundi wa baiskeli. Barabara ilikuwa imelala juu ya jiko lake. Angeline alikuwa akipikia nje, chini ya bati lililoegemezwa kwenye mgomba, na mvua ya asubuhi ilikuwa imemzimia moto.

"Angeline! Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mheshimiwa? Si ni mbaine za mzee wako." Alisema hivyo huku akipuliza kuni, bila hasira hata kidogo, kisha akamkaribisha chai. Nkirote alitamani atukanwe. Alikunywa chai ile kwa aibu mpaka tone la mwisho.

Msimamizi wa kazi, jamaa anayeitwa Mutegi, alikuja mbio kofia mkononi. "Mheshimiwa, naapa hakuna aliyeniagiza. Lakini nani angethubutu kupeleka tingatinga kwenye mbaine ya baba yako? Nilijua utanishukuru."

"Shindwe!" Nkirote akasema, kisha akajuta, maana mtu alikuwa amekosea kwa nia njema. "Inyooshe."

"Nipitishe wapi?"

"Pale ilipochorwa."

"Mzee amekubali?"

Nkirote akageuka, akarudi kwenye pikapu.

Nyumbani, Ndwiga alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Ni mtu mpole, Mmbeere wa Gachoka, na upole wake wakati mwingine unaudhi. "Tumjengee Angeline jiko," alisema. "Jiko la mawe, lenye bomba la moshi. Jumapili tuombe msamaha kanisani, mambo yaishe."

"Na barabara ibaki imepinda?"

"Barabara nyingi zimepinda, na watu wanafika."

"Ndwiga, nilimwomba kila mtu kipande chake. Kila mtu! Nikienda Nairobi nimemruka baba yangu, nitakuwa mbunge gani? Nitakuwa Murithi aliyevaa rinda."

Ndwiga akajua hapo hapenyi. "Basi niende mimi na ncoolo," akasema. "Mimi ni mkwe."

Ncoolo ni bunda la miraa lililofungwa kwa jani la mgomba. Ombi zito halipelekwi kwa mzee bila hilo. Mzee akilifungua na kutafuna, amekubali. Asipolifungua, miraa inakauka na ombi linakauka nayo. Na ni mambo ya wanaume hayo, kuanzia kufunga mpaka kutafuna. Ndwiga aliwahi kulipeleka mara moja tu, alipokuwa akimposa Nkirote, na alileta muguka, yale majani ya miraa ya bei rahisi ya kwao Mbeere, kwenye mfuko wa nailoni. Mzee nusura amfukuze na fimbo. Mpaka leo wanawe Hezekiah wakimwona Ndwiga huuliza, "Shemeji, majani yako wapi?"

"Ulipoleta wewe, wewe ndiye uliyekuwa unaomba," Nkirote akamwambia. "Sasa anayeomba ni mimi."

Alilifunga mwenyewe. Kesho yake, baada ya ibada, akaingia bomani kwa baba yake amelishika kwa mikono miwili, bado amevaa sare ya akina mama wa Methodisti.

Hezekiah alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango. Mzee huyu ni Mmethodisti wa kweli, anatafuna siku zote isipokuwa Jumapili. Hakuwahi kufika kwenye mkutano wowote wa binti yake. Kwake hakukuwa na mheshimiwa, kulikuwa na Nkirote, na kama aliwahi kumpigia kura, hakuna aliyeambiwa. Aliliangalia lile bunda.

"Nani amefunga?"

"Mimi."

"Kamba umeikaza sana." Hakunyoosha mkono. "Sema."

Nkirote akasema yote: la soko, la jiko la Angeline, la mbaine nne. Mzee alimwacha amalize.

"Nilipokupeleka shule ya bweni," Hezekiah akasema polepole, "kila mtu hapa aliniuliza, mbona unamchumia msichana mbaine? Nikawaambia, miti ni yangu na msichana ni wangu. Godoro lako, sanduku lako, viatu vyako, vyote vimetoka pale. Leo unakuja na bunda mkononi kuniambia niikate."

"Ndiyo, baba."

"Na nikikataa? Utaleta tingatinga na askari?"

"Ukikataa sitagusa hata jani. Nitaenda sokoni, nipande juu ya pikapu, niseme Murithi hakudanganya. Niseme barabara imepinda kwa sababu ya nyumba yetu. Angeline nitamtafutia haki yake kwa njia nyingine, na kura wapige wanavyotaka."

"Utashindwa."

"Nitashindwa."

Mzee akaguna. "Litundike pale," akasema, akionyesha msumari kando ya mlango. "Leo ni Jumapili."

Jumatatu Nkirote alikwenda kuomba kura vijiji vya juu. Alishika mikono, alicheza na akina mama, alijibu maswali ya kahawa na ya maji, na kila mahali kuna mtu aliyemuuliza, "Na ile barabara yako, bado inaogopa?" Akajibu kila mara, "Nimemwomba mwenye shamba. Nangoja jibu." Watu walicheka. Hawakuzoea mwanasiasa anayengoja jibu. Jioni alipita kwa baba yake. Bunda lilikuwa palepale kwenye msumari, jani la mgomba limeanza kujikunja, na mzee alikuwa amekwenda kuangalia mbuzi wake.

Jumanne ndiyo ilikuwa mwisho. Miraa ya Jumapili, ikifika Jumanne, imebaki kidogo tu kuwa kuni. Asubuhi Mutegi alileta tingatinga, akalizima barabarani, akasema yeye hasogei mpaka asikie sauti ya mzee kwa masikio yake. Watu walijaa. Wa Murithi walikuwepo na simu zao juu, tayari kurekodi. Angeline alisimama mbali, amejifunga leso, kama aliyekuwa akiona haya kwa kosa la wengine.

Nkirote akatazama msumari. Haukuwa na kitu.

Kisha Hezekiah akatoka ndani, shavu moja limevimba, anatafuna. Mkononi alikuwa na shoka. Hakumtazama binti yake. Alimwendea Mutegi, akamwuliza barabara inahitaji upana gani, akapima kwa miguu yake mwenyewe. Mbaine tatu zilikuwa katikati kabisa. Ya nne ilikuwa ukingoni, penye mtaro.

"Hii ya nne nitaikata chini na kisiki kitabaki," akasema. "Mtaro wako ukipitie kando. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Na mashine isizikate hizi nyingine. Mashine haijui ni za nani."

Akavua koti. Alipiga shoka la kwanza, la pili, na wale wa simu wakazishusha. Alipochoka, wazee wenzake wakamsaidia mmoja mmoja, bila kuitwa. Nkirote alilia waziwazi, hakujificha, machozi yakimteremka mpaka kwenye kola. Mbaine ya mwisho ilipoanguka, mzee akavaa koti lake, akaingia ndani, akafunga mlango. Hakumwambia Nkirote hata neno.

Mnadhani Murithi alinyamaza? Thubutu! Jumamosi iliyofuata spika ziligeuza wimbo: "Mwanamke amemkatia baba yake mbaine! Anayemfanyia baba yake hivyo, ninyi atawafanya nini?" Na hilo liliuma, maana wazee wengi walitikisa vichwa. Lakini siku hiyo Hezekiah alikuwa sokoni akinunua chumvi ya mbuzi. Alilikaribia lori, akasimama chini yake mpaka mpiga debe akamwona na maneno yakamkauka.

"Nani amekuambia amekata yeye?" Hezekiah akauliza, sauti ya kawaida tu. "Nimekata mimi. Niliombwa, nikakubali. Wewe umewahi kuniomba nini?" Akachukua chumvi yake, akaenda zake.

Hiyo ndiyo kampeni pekee aliyompigia binti yake. Nyumbani aliendelea kumnyamazia. Nkirote akija kumjulia hali anaitikia salamu, anauliza watoto, basi. Ndwiga alisema atapoa. Nkirote hakuwa na hakika, na kila alipopita pale palipokuwa na miti, alipunguza mwendo. Aliomba kura mpaka sauti ikaisha, na sauti ilipoisha aliomba kwa mikono.

Agosti akashinda. Hakushinda kwa mbali, na Murithi alikaa siku mbili bila kukubali, lakini alishinda. Kabla hajaenda Nairobi kuapishwa, ukoo ulichinja mbuzi na watu wakaja, wakapita barabara iliyonyooka kama uzi. Angeline alisimamia sufuria, akiwatuma wake za ndugu zake Nkirote huku na kule kwa sauti ambayo hakuna aliyejua anayo. Katikati ya nyimbo na vigelegele, Hezekiah akaingia uani. Alikuwa amevaa suti yake ya harusi za watu. Mikononi alikuwa na bunda, limefungwa kwa jani la mgomba.

Akina mama wakakata wimbo. Mzee akapita wazee wenzake wote, akapita wanawe, akapita mkwe wake Ndwiga, akasimama mbele ya Nkirote, akamnyooshea lile bunda kwa mikono miwili.

"Nimekuja kuomba," akasema.

Nkirote akalipokea. Ncoolo, mzee hampelekei mtu ila mzee aliyemzidi, sembuse bintiye. "Sema, baba."

"Kile kisiki cha mtaroni kimechipua. Hii ndiyo miraa yake ya kwanza. Nimekuletea ili usikie vizuri." Akakohoa. "Huko unakoenda, siku moja mtakaa na wakubwa, mtatandaza ramani mezani, mtapiga mstari. Mstari utapita kwa mtu usiyemjua. Huyo mtu ana mbaine yake. Labda ni jiko tu. Mwende mkamwulize kwanza, kama ulivyoniuliza mimi."

"Na akikataa?"

"Wewe ulisema utafanya nini nikikataa?"

Nkirote akakumbuka pikapu, soko na kicheko. Akafungua kamba, ambayo haikuwa imekazwa sana. Ndani mlikuwa na vichipukizi vyekundu, vifupi, vichache. Maishani mwake hakuwahi kutafuna, wala mama yake. Akachukua kimoja mbele ya watu wote, akakitia mdomoni. Kilikuwa kichungu mpaka uso ukamkunjamana.

Hezekiah akacheka, akamshika bega.

"Polepole, mheshimiwa," akasema.