Paka wa Misri Ndani ya Robota

Watanzania wa Sanyuanli, mtaa wa biashara jijini Guangzhou, China, walikuwa na kawaida yao: kontena la pamoja halifungwi mpaka kila robota lifunguliwe mbele ya wote, kisha liombewe. Kawaida hiyo ilizaliwa na machungu. Mwenzao mmoja aliwahi kuficha dawa za nguvu za kiume ndani ya viatu, mizigo ya watu wote ikashikiliwa bandarini Dar mpaka nguo zikaota ukungu. Tangu hapo, hata askofu angeleta mzigo, angefungua.

Imelda hakuwa na neno na kawaida hiyo. Mjane huyu wa Bukoba, mtu wa rozari na misa, hakupokea gauni kiwandani kabla ya kuligeuza nje ndani na kuvuta kila mshono. Basi asubuhi ile alilifungua robota lake kwa amani. Yalikuwa magauni ya watoto, ya Krismasi. Kontena likiondoka bila yeye, linalofuata lingefika Krismasi imeshapita, na gauni la Krismasi mwezi wa Januari halina mnunuzi.

Chacha, muuza simu kutoka Tarime, akapitisha mkono chini ya magauni, akavuta kitu. Kilikuwa paka. Alikuwa amezungushiwa vitambaa kuanzia shingoni hadi mkiani, vikikatizana kama ukili wa mkeka, na usoni amechorwa macho makubwa yanayokutazama. Chacha akamwachia, akarukia juu ya maboksi ya simu zake mwenyewe.

"Mama! Umetuletea maiti?"

"Maiti gani? Ni paka wa Misri, wa maonyesho ya shule. Kamtengeneza Pius."

Pius alikuwa mtoto wa kaka yake, mwanafunzi wa udaktari pale pale Guangzhou. Shule ya huko nyumbani alikofundisha marehemu Jovitus, mume wa Imelda, ilikuwa inafungua chumba cha historia, na Pius akataka kumtuma paka aliyefungwa kama walivyofunga watu wa kale wa Misri. Kila Jumapili alikuja kumfunga mezani kwa shangazi yake, akisimulia: paka wa nyumbani akifa, wenye nyumba walinyoa nyusi kwa msiba; mtu akifa, ubongo wake ulitolewa kwa kulabu kupitia puani. Imelda alisikiliza huku akichambua mchele.

Herieth, aliyeongoza maombi, alirudi nyuma hatua. "Dada Imelda, mambo ya Farao haya! Tuyaombee?"

"Yusufu mwana wa Yakobo alikaushwa kwa dawa huko huko Misri, akawekwa sandukuni. Soma mwisho wa Mwanzo. Na Musa akaibeba mifupa yake."

"Ndicho tunachouliza, mama," Chacha akadakia toka juu ya maboksi. "Humo ndani mna mifupa?"

Imelda akamtazama paka. Hakujua. Yeye aliyevuta kila mshono wa dunia hakuwahi kumuuliza mtoto wa kaka yake ameweka nini ndani. Alimwona akifunga, alichoanza nacho hakukiona. Na huko chuoni kwao, Pius alishasema, wanapasua paka ili wajifunze mishipa.

Akampigia. Simu imezimwa, yuko maabara.

"Toa paka, robota liingie," alisema Herieth.

"Liingie wapi?" Chacha akakataa. "Kama ni mfu, kashalala kwenye nguo za watoto. Robota zima lisubiri."

Laoban Chen, yaani bosi Chen, mwenye ghala walimopakilia, alichungulia, akatingisha kichwa. "Meyo, meyo!" Hapana, hakuna muda. Lori la kwenda bandarini lilikuwa linanguruma nje.

"Tumchane," mmoja akasema, na mkasi ukatolewa. Imelda akauona ule mkasi, akaziona Jumapili zote zile. Moyoni akamwita Mama Bikira Maria. Ndipo macho yake yakaangukia zahanati iliyokuwa upande wa pili wa uchochoro, ambako wafanyabiashara walipigwa picha za kifua.

"Msimchane. Chacha, Herieth, twendeni wote. Mkaone kwa macho yenu."

Daktari wa pale alikuwa mama mtu mzima. Alipoelewa anachoombwa, alicheka mpaka akavua miwani. Akamlaza paka juu ya mashine, akamnyoosha mkia, akamwambia kwa Kichina kitu ambacho hata Herieth asiyejua Kichina alikielewa: usipumue.

Walisubiri kwenye benchi. Imelda aliihesabu rozari mfukoni, akiapa kwamba kama kuna mfupa atasema mwenyewe kabla hajaulizwa.

Picha ikabandikwa kwenye taa. Hapakuwa na fuvu, hapakuwa na ubavu. Palikuwa na kivuli hafifu cha majani na matambara, na katikati, kutoka kichwani hadi tumboni, kitu kimoja cheupe kimenyooka.

"Mfupa!" Chacha akanong'ona.

Imelda akasogea. Akaitambua ile pembe iliyomeguka. Alikuwa amemshuku kila jirani wa ghorofa yake kwamba amekiiba.

"Ni kijiko changu cha chai!"

Akakaa, akacheka na machozi yakamtoka. Herieth akamkumbatia. "Nisamehe, dada. Bwana asifiwe."

Simu ikalia, ni Pius; Imelda akaweka spika, akamuuliza habari ya kijiko. "Shangazi, shingo ilikuwa inalegea, nikaona kijiko kitaishika. Nilisahau kukuambia! Lakini si kosa. Hata paka wale wa kale, wakipigwa picha, wengine ndani wanakutwa na matope na manyoya tu. Waliuzwa kwa mahujaji hekaluni."

"Ala! Kumbe feki haikuanzia China," Chacha akasema.

"Nyamaza wewe, muuza simu," Herieth akamjibu. "Mababu zako hao."

Walirudi mbio. Robota la Imelda likaingia la mwisho, paka amelala juu ya magauni, picha yake pembeni. Herieth akaweka mkono juu yake bila kusita, akaombea bahari, bandari, na "kiumbe hiki cha majani". Wote wakaitikia amina, na mlango wa kontena ukafungwa.

Nyumbani, Imelda alijimiminia chai. Akatafuta cha kukorogea, akakumbuka kijiko chake kiko njiani kwenda bandarini. Akageuza uma, akakoroga kwa mpini wake, akaanza kunywa taratibu.