Mawe Matatu Chini ya Mkole

Bi Usafi alifagia wodi za hospitali miaka thelathini na mmoja, na mtu akifagia miaka yote hiyo, ufagio humwingia mwilini. Alipostaafu aliuhamishia nyumbani kwa mwanawe. Asubuhi anafagia, mchana anafagia, jioni mgeni hajafika hata mlangoni yeye keshainama. Mkwe wake, mke wa huyo mwanawe, alivumilia miezi miwili. Wa tatu akasema, "Mama, sakafu hii tukiendelea nayo hivi tutatokea upande wa pili wa dunia." Ndiye aliyemtafutia kazi ya kutunza njia za wageni kwenye hifadhi ndogo ya mimea na wanyama pale mwisho wa mji. Majaribio miezi mitatu, kisha mkataba au kwaheri.

Usidhani ilikuwa kazi nyepesi. Wiki ya kwanza alimwagilia kwa mapenzi yote kichaka chenye maua ya njano na waridi, kumbe ni gugu lililotoka mbali, linalokaba kila kilichozaliwa pale. Kisha akang'oa mitunguja sita kwa kosa la kuwa na miiba. Mhifadhi, msichana wa rika la kitindamimba wake, suruali ya kaki imepauka magotini, hakufoka. Alimshika mkono, wakachuchumaa pamoja.

"Mama, huyu uliyemng'oa ni mwenyeji. Yule uliyemnywesha maji ndiye mvamizi."

"Mbona mvamizi ndiye aliyependeza?"

"Ndivyo walivyo, mama. Wangekuwa wabaya wa sura nani angewakaribisha?"

Tangu siku hiyo Bi Usafi akawa mwanafunzi uzeeni, na haya hakuona. Aliujua mkole kwa jani lake linalokwaruza kidole. Alijua ni mkuyu upi popo wanakula matunda yake na ni upi wanauacha mpaka yaive sawasawa. Kinyonga, ambaye maisha yote Bi Usafi alikuwa akimwona tu anatoka mbio, siku moja alisimama akamtazama anavyovuka njia, robo saa nzima, mpaka akamwonea huruma kwa ule mwendo wake wa kupima kila hatua. Hospitalini watu walizoea kumwambia "pisha kidogo". Hapa ndipo mahali pa kwanza alipoambiwa "njoo uone". Mkataba aliutaka, ndiyo, lakini hasa aliitaka ile "njoo uone", na alikuwa akiogopa kuipoteza kuliko alivyomwambia mtu yeyote.

Masharti ya kazi yalikuwa mawili tu. La kwanza, fagia njia peke yake. Majani ya pembeni ni blanketi la wadudu na ndege, usiyaguse. La pili, ukikuta mawe matatu yamepangwa mstari, ujue hatua mbili kutoka hapo kuna kiota. Vibao hawakuweka, maana kunguru ni wajanja na watoto wa shule wamewazidi.

Sasa sikiliza yaliyomkuta. Zilibaki siku mbili majaribio yaishe, na kesho yake wajumbe wa bodi walikuwa wanakuja kuitembelea hifadhi. Wageni. Mtu aliyelelewa akalelewa, akisikia neno wageni, mkono wenyewe unatafuta ufagio. Bi Usafi alikuwa ametoka mapumziko ya siku mbili, na nguvu alikuwa nazo tele. Kulipopambazuka tu alianza na njia ya mikole. Akafagia njia, akaona haitoshi, sharti likamtoka kichwani, akafagia hatua mbili huku na hatua mbili kule, mpaka kwenye mashina, kama mtu anayetoa vumbi kwenye pembe za wodi daktari mkuu akiwa njiani. Vijiwe vilivyosukumwa na ufagio vikazagaa aliviokota bila kuvitazama, akavitupa mtaroni. Majani yote yakaishia shimoni. Saa mbili na nusu alisimama na ufagio wake akaitazama kazi yake, akaridhika nayo.

Mhifadhi akaja na chupa ya chai, uso umemchanua.

"Mama, juzi hukuwepo. Nimempata kirukanjia ana mayai. Miaka tisa hatujamwona hapa."

Bi Usafi alicheka. "Mwanangu, mtaani kwetu jina hilo wanaitwa watu wengine kabisa, wa usiku."

"Huyu ni ndege, jamani." Mhifadhi naye alicheka. "Jioni ndiyo anaruka njiani, mchana kutwa amelala. Hajengi kiota, anataga chini hivi hivi juu ya majani makavu, na rangi yake na majani ni kitu kimoja. Unaweza kumkanyaga hujamwona. Ndiyo maana niliweka mawe matatu chini ya mkole..."

Hapo ndipo alipoitazama njia. Akatazama kushoto, akatazama kulia, pale aliposimama kote ardhi tupu.

"Mama, mawe yangu umeyaona?"

Ulimi wa Bi Usafi ulikuwa tayari umeshaandaa "sijayaona, mwanangu". Uongo ulikuwa pale pale, rahisi, na nani angemshtaki? Lakini alimwangalia yule binti aliyemwambia njoo uone, na uongo ukakataa kutoka.

"Niliyatupa," alisema.

"Na majani?"

"Shimoni."

Mhifadhi aliweka chupa chini taratibu. "Ni mkole upi, mama, sikumbuki. Iko kumi na saba na yote inafanana. Niliyategemea mawe. Na tukiingia kutafuta kwa miguu tutakanyaga hata kilichobaki."

Walianzia shimoni. Walipiga magoti wakayapitia majani moja moja, kama watu wanaochambua mchele. Wakakuta jongoo, wakakuta makoa, wakakuta kifungo cha shati. Yai hawakuliona, wala ganda. Lakini rundo lilikuwa kubwa, na sehemu ya chini imeshalowa na kushikamana. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini huyu wa Bi Usafi hakungoja hata saa moja kuzaliwa.

"Nimeua vichanga," alisema, na machozi yakamtoka waziwazi. "Miaka yote nilifagia wodi ya wazazi sikumwamsha hata mtoto mmoja, leo nimekuja kuua vichanga."

Mhifadhi hakusema si kosa lako. Angesema, ingekuwa uongo, na Bi Usafi alijua. Alinyanyuka tu, akajipangusa magoti, akarudi njiani. Akainama kuangalia ardhi, maana kazi yake kubwa pale ni kusoma nyayo.

"Mama, hebu njoo uone."

Bi Usafi alidhani amesikia vibaya, lakini alikwenda.

"Hii mistari ni ya ufagio wako, siyo?"

Kweli, mchanga wote ulikuwa umechanwa kama nywele, mistari myembamba, sawasawa, inakwenda upande mmoja bila kukosea. Mhifadhi alianza kuifuata polepole bila kutoka njiani. Mkole wa kwanza, mistari imenyooka. Wa tano, imenyooka. Wa kumi na moja, mistari ilikuja imenyooka, ikasita, ikakunja kona, ikazunguka, halafu ikaendelea na safari yake. Katikati palibaki majani makavu ambayo hayakuguswa, ukubwa wa sinia.

"Hapa ulizunguka nini?"

"Sijui." Halafu akakumbuka, na mkono ukaenda kifuani. "Ufagio uligusa kitu laini. Nikasema samahani."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Hospitalini ndiyo sheria. Ufagio ukigonga kitanda, sema samahani, zunguka, usimwamshe mgonjwa. Nilisema tu nikapita. Sikuangalia hata."

Waliinama wote wawili, mikono magotini. Bi Usafi aliyaona majani. Majani ya kahawia, ya kijivu, yenye madoa, hakuna kingine. Alitazama mpaka macho yakamuuma. Kisha jani moja likafumbua jicho.

Jicho jeusi, kubwa, tulivu. Kuzunguka lile jicho, taratibu, ndege mzima akajitokeza: kichwa bapa, mdomo mdogo, mbawa zimejaa madoa, amejilaza kama hajapata kusikia habari za ufagio.

"Na mayai?" Bi Usafi alinong'ona.

"Yako chini yake. Asingebaki kama hayapo."

Roho ikamtua. Aliketi pale pale njiani, miguu ameinyoosha mbele, akashusha pumzi aliyoibana tangu shimoni, huku akicheka na kulia kwa pamoja bila kutoa sauti. Mhifadhi naye aliketi kando yake, akafungua chupa, wakanywa chai kwa zamu kwenye kifuniko kimoja.

"Mkataba utausaini kesho kutwa," Mhifadhi alisema. "Lakini pembeni ya njia usiguse tena, mama. Hata waje malaika."

"Hata waje malaika," Bi Usafi alikubali.

Alikwenda mtaroni akaokota mawe matatu, akarudi kwa ncha za vidole, akayapanga kwenye ukingo wa njia, hatua mbili kutoka kwa mwenyewe. Jicho lilikuwa bado linamwangalia.

"Samahani, mgonjwa," alimwambia, safari hii akimtazama. "Endelea kulala."

Na jicho likajifumba.