Mguu Mmoja na Injini Mpya

Majira ya baridi yale Renae Dudek aliamua kuing'oa injini ya gari la marehemu baba yake, na mdogo wake Leland akaacha kuongea naye.

Gari lenyewe lilikuwa Chevelle ya mwaka 1970, jekundu, na katika mji wao mdogo wa Indiana hapakuwa na asiyelijua. Injini ilikuwa ile ile iliyotoka nayo kiwandani, giaboksi ile ile ya kubadili kwa mkono, hata redio ile ile isiyoshika stesheni. Mzee Dudek alilitunza hivyo mpaka anafariki. Renae akalirithi, akawa kila Jumamosi ya kiangazi analipeleka kwenye uwanja wa mbio za robo maili, na wanaume wengi waliondoka pale nyuso zimewashuka kwa sababu yake.

Kisha mguu wake wa kushoto ukaingiwa na ugonjwa wa mfupa. Madaktari walihangaika nao wakashindwa, wakaukata chini ya goti. Mguu wa bandia aliuzoea mapema kuliko walivyotarajia. Alirudi kazini kwenye jiko la shule, akapanda ngazi, akacheza boling na wenzake. Klachi tu ndiyo iliyomshinda. Ilikuwa nzito kama mlango wa ghala, na mguu wa bandia haujui pedali imefika wapi.

Jumapili moja Leland alikuja na mikate ya nyama ya nguruwe ya kukaanga, akaiweka mezani, akasema amepata mnunuzi, mtu anayekusanya magari ya zamani yasiyoguswa. Renae akamjibu kwamba hauzi. Anatia injini ya kisasa, giaboksi inayojibadilisha yenyewe kwa kompyuta, na breki kubwa za diski kwenye magurudumu yote.

"Utaliharibu, dada," Leland akasema. "Ukilijaza vidude vya kompyuta, hilo si gari la baba tena."

"Baba alilinunua liende. Hakulinunua lifunikwe shuka."

"Na wewe unataka kwenda nalo wapi, na huo mguu mmoja?"

Neno lilikuwa limeshamtoka. Leland alitazama chini, akachukua kofia yake, akaondoka bila kugusa chakula.

Aliyebaki kumsaidia ni jirani yake Odell Tansil, fundi mashine mstaafu mwenye winchi ya kunyanyulia injini. Ile ya zamani waliitoa, wakaipaka grisi, wakaifunika vizuri pembeni mwa gereji. Mpya waliitoa kwenye lori dogo lililopata ajali. Ilikuwa nyepesi na haina kabureta. Kompyuta ndiyo inayoipimia petroli. Giaboksi ilikataa kuingia, ikabidi wakate sakafu ya gari na kuichomelea upya. Renae alikuwa akivua mguu, anajilaza chali kwenye saruji baridi na kujivuta chini ya gari kwa viwiko. Odell alipomwambia apumzike, alimwomba spana nyingine.

Siku ya kuwasha, gari halikutoa hata kikohozi. Odell alidhani kompyuta imekufa, akashauri walipeleke kwa watu wenye vipimo. Renae akakataa. Alifuata waya mmoja baada ya mwingine, jioni ile na jioni ya pili, mpaka akafika kwenye waya wa ethi, ule unaotakiwa kugusa chuma kitupu cha gari. Walikuwa wameufunga juu ya rangi mpya, na rangi haipitishi umeme. Aliikwangua kwa kisu, akakaza nati, akawasha. Injini iliitikia kwa mngurumo uliotikisa makopo ya rangi rafuni. Odell alivua kofia akacheka peke yake.

Uwanja wa mbio ulipofunguliwa tena, mkaguzi alikuwa Verl Stuckey, mtu waliyefahamiana miaka mingi. Alizisifu breki, mikanda na mabomba ya chuma waliyofunga kukinga paa. Kisha, huku akitazama kando, akamweleza kwamba gari la kasi hii likishika moto dereva lazima atoke mwenyewe, upesi. Inabidi yeye mkaguzi alione hilo kwa macho yake.

"Piga filimbi," Renae akasema.

Filimbi ilipolia alifungua mikanda, akajitupa nje, na mguu wa bandia ukanasa chini ya usukani. Alianguka kifudifudi. Kumbe Leland alikuwa nyuma ya uzio; aliuruka, akamkimbilia kumwinua.

"Niache."

"Dada, unatoka damu."

"Ukinishika tu, Verl lazima anikatae. Niache."

Leland akasimama, mikono inaning'inia. Renae alijiinua kwa kushika mlango, akajifuta kidevu, akakaa kitini akiwaza. Giaboksi mpya haina klachi. Mguu wa kushoto hauna kazi humu ndani. Aliufungua, akamkabidhi mdogo wake.

"Nishikie huu."

Safari hii filimbi ilipolia alikamata bomba la chuma lililo juu ya mlango, akajivuta kwa mikono iliyokwishazoea kujikokota chini ya gari, na Verl akamkuta amesimama nje kwa mguu mmoja kabla hajainua macho kutoka kwenye saa yake. Akatia sahihi.

Alipangwa kushindana na kijana mwenye gari la umeme, lisilo na kelele hata kidogo. Taa zikawa kijani. Chevelle iliyumba nyuma, ikashika lami, ikaondoka kama iliyofukuzwa. Kijana alimshinda, tena waziwazi. Lakini ubao ulionyesha sekunde kumi na moja na kidogo, na gari lile halijapata kwenda kasi hiyo, si kwa baba wala kwa binti.

Leland alimngoja kwenye njia ya magari yanayorudi, mguu kaukumbatia kifuani.

"Tairi za nyuma zinateleza," akasema. "Muda wote unaupotezea pale mwanzo."

"Najua."

"Springi za nyuma bado ni zile za zamani. Haziwezi nguvu hii."

"Si ulisema hili si gari la baba?"

"Si la baba, ni lako." Alimkabidhi mguu, akainama kukagua tairi ili asimtazame usoni. "Lile neno, dada, silali kwa ajili yake."

Renae alikuwa akifunga kamba za mguu. Alizikaza, kisha akamwambia kama analo la kufanya Jumapili alifute, maana springi hazijibadilishi zenyewe. Leland akakubali, na hapo hapo akaanza kumbishia juu ya aina ya kununua.