Mabua Chini ya Magurudumu

Wiki moja kabla ya mume wangu kufa, nililifundisha darasa la tano somo la msuguano. Nilifunga tofali kwa mpira wa manati, nikawaacha watoto walivute kwenye mchanga, kisha kwenye matope ya uwanjani. Mchangani mpira ulivutika karibu ukatike. Kwenye matope tofali likateleza kama sabuni, nao wakashangilia. Mwanangu Laban, aliyekuwa darasani humo, ndiye aliyelisema vizuri kuliko wote: "Msuguano unazuia kitu kwenda, Mwalimu. Lakini usipokuwepo, hata kuondoka huwezi." Nilijivuna siku nzima, na sioni aibu kusema hivyo.

Dalmas alifia hospitalini Kisumu, Aprili ya 1972, mvua zikiwa zimeshika. Mimi ni Maximilla, mtu wa Bungoma niliyeolewa Nyakach, na kwa shemeji yangu Gordon sijawahi kuacha kuwa mgeni. Gordon alikuwa na wimbo wake mmoja: kwamba Laban, mtoto wetu wa pekee, alipatikana Dalmas akiwa mbali kazini Jinja, kwa hiyo si damu yake. Dalmas alikuwa akiucheka wimbo huo. Sasa mwenye kucheka alikuwa ndani ya jeneza, nasi tulikuwa tunampeleka nyumbani kwa lori la kukodi.

Tulipita Katito, tukaacha barabara kuu. Wanafunzi wangu walikuwa wamejipanga njiani kumpokea mume wa mwalimu wao, Laban akiwa mbele. Hapo hapo, mbele ya macho yao, lori likakwama. Magurudumu yalizunguka bure kwenye udongo mweusi, yakaturushia matope mpaka usoni. Dereva akashuka, akafungua boneti, akafunga.

"Wazee, gari yangu haina shida," akasema.

Gordon hakuhitaji zaidi. "Mmesikia? Gari iko sawa. Ni Dalmas amekataa."

Huku kwetu watu wanaamini kwamba marehemu mwenye kinyongo hulizuia gari linalompeleka kaburini mpaka azungumziwe. Wazee wakamsihi mmoja mmoja kwa Kijaluo. Lori halikusogea. Gordon akanigeukia.

"Mama Laban, huyu mtu anangoja wewe. Sema ile kitu ulimfanyia."

"Ni matope, Gordon! Gurudumu halina kitu cha kushika!"

"Hiyo mambo ya shule wacha shuleni."

Niliwaita wanafunzi, nikawatuma shamba la jirani walete mabua makavu na mawe. Wakatimua mbio. Hakuna aliyewazuia, na hakuna aliyewatazama. Watu wazima wote walikuwa wanautazama mdomo wangu.

Ningeweza kubishana na Gordon mpaka jua lizame. Lakini mama mkwe wangu, Benta, alipiga magoti kwenye tope akalishika gauni langu. Turubai la lori lilikuwa limechanika na maji ya mvua yalikuwa yanadondoka juu ya jeneza.

"Nyathina, mwanangu," akaniambia, "mtoto wangu analoa. Sema tu, twende nyumbani."

Ni mke gani hana la kumwomba mumewe radhi? Nikaweka mkono kwenye jeneza. "Dalmas, nimekukosea. Nisamehe, twende nyumbani." Nilikuwa nawaza maneno makali tuliyorushiana jikoni, na ile Jumapili niliyoahidi kwenda hospitalini nisiende. Hayo tu, Mungu ananiona. Wakati huo huo watoto walikuwa wamechuchumaa chini, wanashindilia mabua ya mwisho mbele ya magurudumu. Dereva akatia gia. Magurudumu yakauma mabua, lori likanguruma, likatoka.

Wanawake wakapaza kilio. Gordon alimtazama Laban, aliyesimama na matope hadi magotini, bua mkononi.

Siku ya maziko, ulipofika wakati wa mtoto kumtupia baba yake udongo, Gordon alimshika Laban bega akamrudisha nyuma. "Wewe ngoja," akamwambia, tena kwa upole. Nilipiga kelele, nikaapa, nikamlilia Benta. Ataniamini nani? Nilikuwa nimesema kwa kinywa changu, lori likatoka, na kijiji kizima kikashuhudia. Kabla matanga hayajaisha, wazee walikuwa wameshasema kwamba Dalmas hakuacha mtoto, na shamba lake ni la ndugu yake.

Nikarudi shuleni. Nilijiambia wazee wameshanishinda, lakini watoto waliyaweka mabua yale kwa mikono yao. Wakiusema ukweli darasani, watausema na nyumbani, na mwanangu ataokoka. Nikachora lori ubaoni.

"Nani aliweka mabua?"

"Sisi, Mwalimu."

"Haya. Ni nini kilichotoa lori?"

Wakainamia madawati. Baadhi yao bado walikuwa na mikwaruzo ya mabua viganjani. Nikauliza tena, na sauti yangu ikawa ya kuomba.

Laban akainua mkono. Nikashusha pumzi. Huyu hawezi kuniangusha, nikawaza. Akasimama wima, mikono nyuma, kama ninavyowafunza.

"Ni vile ulisema ukweli, Mwalimu."

Kisha akasahau kwamba tuko darasani, akaniita Mama, akaniuliza baba yake ni nani.